Mwongozo kamili: kuseti na kubadilisha kabureta za Amal Concentric kwenye Triumph Bonneville

Ukitaka kujua kama kabureta za Bonneville zimechoka, isikilize pikipiki ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani. Iliyo nzima hutulia kwenye sailensa (injini ikiwaka bila kuvuta mafuta), inapiga taratibu kama saa ya ukutani. Iliyochoka hupanda na kushuka, inazima upande mmoja, au unaachia mkono wa mafuta na injini inabaki juu, haitaki kushuka. Hapo wengi hushika bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu. Nakuomba uiweke chini bisibisi kwanza. Skrubu ya kabureta haiwezi kurekebisha chuma kilicholika, wala taimingi iliyokosewa, wala hewa inayopenya pasipotakiwa, na ukishaizungusha bila kujua ilipoanzia umepoteza alama uliyokuwa nayo.

Nimejifunza haya kwenye Bonneville ya modeli ya T120 ya mwaka 1969 ambayo naitunza hapa Coventry, si mbali na Meriden kilipokuwa kiwanda cha Triumph hadi kilipofungwa mwaka 1983. Inavuta mafuta kwa kabureta mbili za Amal Concentric za milimita 30. Jina Amal lilitokana na kuunganishwa kwa watengenezaji watatu wa kabureta mwishoni mwa miaka ya 1920: Amac, Brown & Barlow na Binks. Concentric ilianza kufungwa kwenye pikipiki za Uingereza mwaka 1967, ikachukua nafasi ya Monobloc, kabureta ya Amal iliyoitangulia. Ukiijua hii moja, umeijua ya BSA, ya Norton Commando na ya Triumph nyingine nyingi za wakati huo. Na fundi wa bodaboda wa Tanga au Mombasa akiifungua hatapotea, kwa sababu ndani atakuta ndugu za vitu anavyovishika kila siku: boya, sindano, jeti (vipande vyenye tundu la kupimia mafuta), na slaidi inayopanda na kushuka kwa kebo.

Namba zilizogongwa ubavuni zisome kabla ya kununua chochote. Familia ya 600 ni ndogo, ya 900 ni kubwa, na tarakimu mbili za mwisho ni kipenyo cha tundu kwa milimita: 626 ni milimita 26, 930 ni milimita 30, 932 ni milimita 32. Herufi L au R mbele yake inakuambia ni ya kushoto au ya kulia, maana skrubu na kitufe cha kumwagisha mafuta lazima vitazame nje unakofika mkono. Namba inayofuata baada ya mkwaju (/) ndiyo inayoonyesha kabureta ilitoka kiwandani ikiwa na jeti za pikipiki gani. Nimewahi kununua jozi mtandaoni iliyosemwa ni ya Bonneville. Bodi zilikuwa sawa kabisa, jeti zikawa za mashine nyingine.

Kabla ya kugusa kabureta

Seti tapeti, yaani nafasi ya vali, injini ikiwa imepoa kabisa. Kwa T120 ni inchi 0.002 (milimita 0.05) upande wa kuingiza na inchi 0.004 (milimita 0.10) upande wa kutoa moshi. Usinakili namba hizi kwenye T140, Bonneville ya cc 750, ambayo ni 0.008 na 0.006, wala kwenye Commando, ambayo ni 0.006 na 0.008. Platini za kuwashia cheche zifunguke inchi 0.015, nafasi ya plagi iwe inchi 0.025, na taimingi ya T120 ni nyuzi 38 kabla ya pistoni kufika juu, moto ukiwa umesogea mbele kabisa. Kama silinda mbili hazichomi kwa nyuzi zilezile, hutaweza kuzilinganisha kwa kabureta hata ukeshe.

Kisha angalia mafuta yenyewe. Chomoa bomba kwenye kabureta, weka chupa, fungua koki: mafuta yatoke kwa mkondo usiokatika. Yakianza vizuri kisha yakadhoofika, fungua kifuniko cha tangi. Yakirudi kasi, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na hapo ulipokuwa unataka kununua kabureta mpya umepona kwa pini.

Hewa ya wizi ndiyo adui ninayemwogopa zaidi kwenye T120, kwa sababu kati ya kabureta na kichwa cha injini kuna kikono cha chuma kilichofungwa kwa uzi wa skrubu na kubanwa kwa nati kubwa ya duara. Nati hiyo ikilegea huioni, lakini injini inajua. Injini ikiwa kwenye sailensa, nyunyizia WD-40 kidogo sana kuzunguka flanji (uso bapa wa kabureta unaofungwa kwenye kikono) na kuzunguka uzi wa kikono hicho, ukiwa nje pasipo na upepo wala moto, ukiwa mbali na ekzosi, na kizimamoto kikiwa karibu. Sauti ikibadilika, umeipata njia ya hewa. Angalia pia mpira unaounganisha vikono viwili. Ukipasuka, silinda zote mbili zinaumwa pamoja.

Kuzishusha na kuzipima

Funga koki, chomoa mabomba ya mafuta na uondoe chujio za hewa. Legeza skrubu mbili za kifuniko cha juu cha kila kabureta, inua kifuniko, na slaidi itatoka pamoja na springi na sindano ikining'inia kwenye kebo yake. Ifunge kwa kitambaa safi na kuiweka pembeni kwa upole. Sindano ikipinda, usiinyoshe, tupa. Nati za flanji zina nafasi finyu, hivyo spana fupi na subira ndivyo vinavyofaa. Legeza moja robo mzunguko, hamia nyingine, rudi ya kwanza.

Sasa weka rula ya chuma juu ya uso wa flanji na uitazame kwenye mwanga. Karibu kila Concentric niliyoishika iliyopitia mikono mingi imepinda hapa kama ndizi, kwa sababu mtu aliona hewa inapenya akabana nati kwa nguvu, ikazidi kupenya, akabana tena. Chuma chenyewe ni aloi ya zinki, laini. Ukiona mwanga katikati, tandika msasa laini juu ya kioo kinene, toa oringi (pete ya mpira), na usugue flanji kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Usile chuma mpaka mfereji wa oringi ukawa na kina kifupi, maana oringi ndiyo inayoziba. Nati kazi yake ni kushikilia tu.

Kipimo cha pili ndicho kinachoamua kama utasafisha au utanunua. Ingiza slaidi peke yake kwenye bodi yake, isukume mbele na nyuma kwa kidole ikiwa karibu na chini. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikigonga kwa sauti, ikiwa na michubuko mirefu, au ikiwa na ukingo unaokwama ukiipandisha, imekwisha. Slaidi za zamani zilikuwa za aloi ileile ya bodi, na metali mbili za namna moja zikisuguana bila mafuta ya kulainisha hulana. Slaidi mpya ndani ya bodi iliyolika ni nafuu ya muda. Wapo mafundi wanaochonga bodi na kuitia slivu (bomba jipya la ndani), na kwa mtu anayetaka kubaki na bodi zenye namba za asili hilo ni jambo la heshima. Lakini gharama yake mara nyingi haiko mbali na ya kabureta mpya.

Bakuli la boya lifungue na utazame chini yake. Tope la kijani au unga mweupe ni alama ya mafuta yaliyolala. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10, yaani ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu. Maboya ya zamani ya plastiki na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake. Badilisha boya kwa lile jeusi liitwalo StayUp, na sindano ya boya iwe yenye ncha ya mpira wa Viton.

Kuhusu kimo cha mafuta, Concentric inakupa nafasi nzuri: mafuta huingia kupitia bakuli lenyewe, kwa hiyo bakuli peke yake laweza kuunganishwa na tangi. Shikilia pini ya boya kwa kidole isiruke, fungua koki, subiri yajae na yasimame. Pima kutoka ukingo wa juu wa bakuli hadi uso wa mafuta; kati ya milimita 4 na 6 ni sawa. Kwenye StayUp unakunja kidogo sana ulimi wa aluminiamu unaobeba sindano. Mafuta yakiwa juu mno, pikipiki hunywa kila mahali na hakuna jeti itakayokuponya.

Tundu dogo linalosumbua kuliko yote

Pikipiki isiyotulia kwenye sailensa, nikiambiwa nikisie, nitasema njia ya mafuta ya sailensa imeziba. Concentric za mwanzo kabisa zilikuwa na jeti ndogo ya kufunguka. Baadaye kiwanda kikaweka bushi, yaani kibomba kidogo, iliyogandamizwa ndani kabisa ya bodi, isiyoonekana, yenye tundu la inchi 0.016. Kuiloweka bodi hakutoshi, na hata mashine ya kusafishia kwa mitetemo wakati mwingine hushindwa.

Toa skrubu ya hewa, ile iliyolala mlalo, pamoja na oringi yake. Kupitia tundu hilohilo ingiza kijiti cha kuchimbia namba 78, kilichoshikwa kwenye bomba jembamba la shaba, au waya wa gitaa wa 0.016. Nenda moja kwa moja kwa mkono, bila drili, mpaka ukisikie kimeingia kwenye bushi, kisha kizungushe taratibu kwa vidole. Huchimbi; unasukuma uchafu tu. Halafu nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta ukiwa umevaa miwani. Itoke kwa nguvu kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo sakafuni mwa tundu kuu, upande wa injini. Vyote viwili. Kimoja kikitoa na kingine kikadondosha tu, rudia.

Usitumbukize bodi kwenye soda kali ya kusafishia, italika mbele ya macho yako.

Kuchagua na kufunga mpya

Kama bodi zimekwisha, ushauri wangu ni Amal Premier. Zinatengenezwa Uingereza hadi leo, zinaingia mahali palepale bila kubadilisha kebo, slaidi zake ni za aluminiamu iliyotiwa ugumu juu, na jeti ya sailensa inafunguka kwa bisibisi. Nawajua watu wanaofunga kabureta moja ya Kijapani ya Mikuni badala ya Amal mbili, hasa kwenye Commando, na pikipiki zao zinatembea vizuri. Lakini Bonneville ilizaliwa na kabureta mbili tangu ilipotoka mwaka 1959, na mimi napenda isikike hivyo.

Agiza kwa namba kamili ya pikipiki yako, kisha, hata zikija kwenye boksi zuri, fungua ukague. Ya kwangu inatembea na jeti kubwa 190, jeti ya sindano (ile ambayo sindano hupanda na kushuka ndani yake) 106 na slaidi namba 3. Namba ya jeti kubwa ni kiasi cha mafuta kinachopita, hivyo kubwa ni mafuta mengi. 106 ni kipenyo cha inchi 0.106. Na 3 ya slaidi ni kimo cha mkato wake kwa sehemu za 16 za inchi: mkato mkubwa huleta hewa zaidi. Mkato huo hutazama upande wa chujio la hewa.

Weka oringi mpya kwenye flanji bila gundi. Bana nati kwa zamu, robo kwa robo, mpaka flanji ikae, kisha kidogo tu zaidi. Simama hapo hata kama mkono unataka kuendelea. Ingiza slaidi ikiwa na springi na sindano, klipu kwenye mfereji wa katikati. Sindano lazima iingie kwenye jeti yake yenyewe, usilazimishe. Kabla ya kufunga chujio, pandisha mkono wa mafuta na uuachie: slaidi zote mbili zianguke na kugonga chini kwa sauti kavu. Zisipogonga, usiwashe injini.

Kulinganisha mbili

Legeza skrubu zilizoinama, zile zinazozuia slaidi, mpaka ziache kugusa. Chukua vijiti viwili vya drili vya milimita 3, ingiza mashina yake chini ya slaidi kutokea upande wa hewa, kimoja kila upande. Zungusha mkono wa mafuta polepole. Vijiti vianguke kwa pamoja. Kimoja kikitangulia, rekebisha kebo ya upande huo juu ya kabureta. Bakiza ulegevu kidogo wa kebo, kama milimita moja na nusu, na ugeuze usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, slaidi zisisogee.

Sasa skrubu ya hewa. Ifunge polepole mpaka iguse, kisha uifungue mzunguko mmoja na nusu. Kumbuka kwamba hii ni skrubu ya hewa: kuifunga kunaleta mafuta mengi, kuifungua kunaleta hewa nyingi. Aliyezoea kabureta zenye skrubu ya mafuta hukosea hapa, akawa anakwenda kinyume na anachotaka.

Ipashe injini kwa kuiendesha kilomita kama 10, kuiacha ikinguruma uani hakutoshi. Kisha chomoa waya wa plagi ya kushoto, uuchomeke kwenye plagi ya akiba na uigusishe vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Ukiuacha waya hewani unaweza kuharibu moto wa elektroniki, na cheche karibu na petroli ni hatari. Pandisha skrubu ya slaidi ya kulia mpaka injini itembee kwa silinda moja. Zungusha skrubu ya hewa polepole, ndani na nje, ukitafuta pale injini inapokwenda kasi zaidi na kwa ulaini. Ikipanda, shusha slaidi, tafuta tena. Rudia mpaka itembee taratibu bila kutaka kuzima. Hamia upande wa pili, fanya vilevile. Unaporudisha plagi zote, sailensa itakuwa juu. Shusha skrubu mbili za slaidi kwa kiasi kilekile, robo kwa robo, mpaka karibu mizunguko 900 kwa dakika. Weka kiganja nyuma ya kila ekzosi: mapigo yawe ya nguvu moja.

Kama kilele hakipatikani ndani ya nusu mzunguko hadi mizunguko miwili na nusu, usiendelee kuzungusha. Ama ule mfereji mdogo bado umeziba, ama hewa inapenya.

Kuseti barabarani

Tia alama kwenye mkono wa mafuta kwa utepe: moja ya nane, robo, nusu, robo tatu. Hadi moja ya nane ni kazi ya sailensa, hadi robo ni mkato wa slaidi, kutoka robo hadi robo tatu ni sindano na jeti yake, na juu ya hapo jeti kubwa. Bila alama hizo utasema inasumbua kwenye mwendo kasi wakati mkono wako uko theluthi tu.

Mpangilio unaofuatwa na Amal huanza na jeti kubwa, na una sababu: mafuta yanayofika kwenye jeti ya sindano hupita kwanza kwenye jeti kubwa. Tafuta barabara tupu inayoruhusu, vuta hadi mwisho, kisha punguza mkono kidogo sana. Injini ikipata nguvu ulipopunguza, jeti kubwa ni ndogo mno. Ikitembea kwa uzito, kama inayoburuta mzigo, ni kubwa mno. Ukitaka kusoma plagi, zima moto ukiwa bado umevuta, kamata klachi, jiachie mpaka usimame, ufungue plagi hapohapo. Petroli ya siku hizi isiyo na risasi haiachi rangi iliyo wazi kama zamani, kwa hiyo mimi naamini zaidi mwendo kuliko rangi. Ukibakia na wasiwasi kati ya namba mbili, chukua kubwa. Mchanganyiko mwepesi, wenye hewa nyingi na mafuta machache, kwenye mwendo mkubwa hutoboa pistoni, mzito unachafua plagi tu.

Baada ya hapo rudi kwenye sailensa, kisha slaidi. Kutoka sailensa ukivuta taratibu, kabureta ikipiga chafya kurudi nyuma, mchanganyiko ni mwepesi: jaribu slaidi ya namba ndogo zaidi. Ikishtuka-shtuka na kutoa moshi mweusi, panda namba.

Sindano ni ya mwisho. Klipu kwenye mfereji wa juu inashusha sindano na kupunguza mafuta. Mfereji wa chini unaipandisha na kuongeza. Badilisha mfereji mmoja kwa wakati, pande zote mbili sawa. Ikiwa uko kwenye mfereji wa juu kabisa na bado inakunywa mafuta katikati ya mkono, jeti ya sindano imelika. Tundu la 106 lililotanuka kwa kiasi usichokiona kwa macho ni mafuta mengi kila kilomita. Ibadilishe, na sindano nayo kama ina miaka. Kisha rudia sailensa mara ya mwisho, kwa sababu kila ulichogusa kimeisogeza kidogo.

Kilomita 100 za kwanza zikipita, injini ikiwa imepoa, pitia nati za flanji kwa spana fupi, kwa kuhisi tu. Na wakati wa baridi, pikipiki inapolala miezi miwili au mitatu, funga koki, toa mafuta yote kwenye mabakuli, yaache makavu. Ile bushi ya inchi 0.016 huziba wakati huo, pikipiki ikiwa imefunikwa na hakuna anayeitazama.